Dar iliyokuwapo kabla ya Dar: Jumamosi tatu, daladala na viatu vya kutembelea

Mgeni akija Dar tunampeleka wapi? Coco Beach akale mihogo, kisiwa cha Mbudya kama kuna hela ya boti, Kariakoo akafanye manunuzi, jioni kitimoto au mishikaki kutegemea na dini yake. Siku ya tatu tumeishiwa, tunampandisha boti ya Zanzibar. Mimi mwenyewe nimeishi miaka mingi nikiamini mambo ya kale yako Bagamoyo na Kilwa, na huku kwetu ni foleni tu. Aliyenitoa tongotongo ni mzee mmoja muuza kahawa wa Kunduchi. Aliniuliza, huku anasuuza kikombe: "Sultani Majid alipofika hapa, unadhani alikuta nini? Kichaka?"

Alikuta watu. Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alianza kujenga mji wake miaka ya 1860, jirani na kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima. Wakati huo Kunduchi, na Mbwamaji kule ng'ambo ya Kigamboni, palikuwa na misikiti ya mawe, makaburi ya nakshi na majumbe, yaani watawala wa pwani, wenye kauli. Jiji lilipopanuka likaimeza miji ile bila kuitafuna. Ipo bado, kati ya gereji na hoteli na viwanja vyenye mabango ya "kinauzwa". Mwongozo huu ni wa kuifuata huko huko iliko, kwa nauli ya daladala. Siku tatu zinatosha, na si lazima zifuatane.

Kabla ya kutoka: utazame mwezi

Wengi huangalia utabiri wa mvua wakasahau bahari. Ratiba ya pwani anaipanga mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Pwani ya Dar siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi jioni na kupwa kwenye saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo ukienda wiki moja baadaye utakuta mambo yamegeuka, saa nne asubuhi maji yamejaa, na hata yakipwa hayaendi mbali. Hayo wavuvi wanayaita maji mafu.

Kwa safari za Kunduchi na Mbwamaji, tafuta Jumamosi iliyo karibu na bamvua. Utatoka nyumbani saa kumi na mbili, utafika maji yanarudi nyuma, na utapata saa tatu nzima za kutembea ufukweni mahali ambapo jioni ni kina cha mtu mzima.

Safari ya tatu, ya vilima vya Pugu, haijali mwezi, inajali masika. Machi hadi Mei njia za msituni ni utelezi mtupu. Nenda Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, hewa ikiwa nyepesi.

Mizigo: maji ya kunywa, kofia, chenji ndogo ndogo (konda wa asubuhi hana chenji ya elfu kumi, na hatakuwa nayo), mtandio au kanga hata kama wewe ni mwanamume, maana utaombwa ujifunike magoti mahali fulani, na salio kwenye simu. Sehemu nyingi za serikali zinapokea malipo kwa kontrol namba tu, yaani namba ya kulipia unayopewa. Ukienda na noti mkononi utaambiwa utafute wakala, na wakala yuko kilomita mbili nyuma.

Asubuhi moja ya mjini: kujifunza jiwe

Kabla ya Jumamosi ya kwanza, tenga saa moja siku ya kazi ukapite Boma la Kale, Sokoine Drive, mkabala na bandari ya boti za Zanzibar. Lilijengwa 1866 na 1867, kwa ajili ya wageni wa Sultani. Ni kati ya majengo machache ya Majid yaliyobaki. Yeye mwenyewe alifariki 1870, mji ukadorora hadi Wajerumani walipokuja kuhamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891.

Usisome vibao kwanza. Nenda kwenye ukuta, tafuta sehemu ambayo lipu imebanduka, usogeze uso. Utaona jiwe lina vitundu na mistari kama sega la nyuki. Hilo ni tumbawe, limekatwa pwani, na chokaa iliyolishika imepatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Likariri jiwe hilo. Kuanzia sasa utalitambua kila utakapolikuta, hata likiwa chini ya majani, hata likiwa limegeuzwa kigingi cha kufungia mbuzi. Nimeliona limefanywa hivyo, sitasema wapi.

Jumamosi ya kwanza: Kunduchi

Panda daladala la Tegeta au Bunju, shuka Mtongani. Ni pale kwenye machimbo, watu wanapopasua kokoto. Kutoka barabarani chukua bodaboda au bajaji ushuke pwani. Mwambie dereva "magofuni". Akikuuliza "hotelini?", mwambie hapana, kwenye makaburi ya zamani. Wengine wanalijua eneo kwa jina hilo tu.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanafika, wanatoa simu, wanapiga picha tano, wanaondoka baada ya dakika kumi wakisema hakuna kitu. Kunduchi haina kitu kwa mtu mwenye haraka. Fanya hivi: shuka, usiingie. Tafuta kijiwe cha kahawa kilicho karibu, kaa, agiza kikombe na kashata. Wape shikamoo wazee mmoja mmoja, usiirushe moja ya jumla kama unamwaga mahindi kwa kuku. Watazame wanavyocheza drafti au bao mpaka mchezo uishe. Usimuulize mtu chochote katikati ya mchezo. Ukiisha, sema umetokea mtaa gani na umekuja kuona magofu, na uulize nani anayehusika. Eneo liko chini ya serikali, upande wa mambo ya kale, kwa hiyo yupo wa kukupokea na kukutoza kiingilio. Lakini mtu aliyekaa kijiweni kwanza huingia na mzee wa kumfuata, na mzee huyo ndiye safari yenyewe.

Ndani kuna mabaki ya msikiti ambao wataalamu wanaukadiria kuwa wa karne ya 15 au 16, na makaburi yaliyo mengi zaidi ya karne ya 18, chini ya mibuyu. Tafuta makaburi yenye nguzo, maana hayo ni ya wakubwa. Halafu tazama kwenye kuta za makaburi na kwenye nguzo utaona matundu ya mviringo, saizi ya sahani, yamepangwa vizuri. Palikuwa na mabakuli ya kaure kutoka China, yamepachikwa kwenye chokaa ingali mbichi. Mengi yamechokolewa na wezi. Tia kidole kwenye ukingo wa tundu, kama mzee akiruhusu, utahisi chokaa bado imeshika umbo la kitako cha bakuli. Pachache utakuta kipande kimebaki, cheupe chenye bluu, kidogo kuliko kucha.

Sasa fikiria gharama. Bakuli limetoka China, limevuka bahari kwa mikono ya wafanyabiashara wengi, limefika Kunduchi, na mwenye nalo hakula wali ndani yake. Alilipachika kaburini. Watu wa kijiji maskini hawafanyi hivyo.

Ukikuta chupa ya marashi, kipande cha kitambaa, sarafu au majivu ya ubani, usiguse wala usipige picha kwa karibu. Kuna mtu aliweka nadhiri. Na Ijumaa kati ya saa sita na saa nane usiende kabisa, hakuna atakayekuwa na nafasi na wewe.

Ukitoka, teremka ufukweni wanakoshushia samaki. Maji yakiwa yamepwa, mitumbwi na ngalawa zimelala ubavu kwenye tope, na mafundi wanaziba nyufa kwa pamba na mafuta. Hapo kula. Mama lishe wa hapo anakaanga changu aliyetoka kwenye ndoo dakika tano zilizopita, na mimi sijapata supu ya pweza mjini inayoifikia ya pale. Ukiambiwa bei, usilalamike kwa Kiingereza na wenzako. Wanaelewa.

Mbudya unaiona kutoka hapo. Ni nzuri, ni hifadhi ya bahari, ina ada yake, na si siri tena. Iache siku nyingine.

Jumamosi ya pili: ng'ambo, kuelekea Mbwamaji

Hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo iliyonitia adabu.

Pita pantoni ya Magogoni, wala usipite darajani. Daraja la Nyerere lipo tangu 2016, na gari litakufikisha, lakini mji huu unatakiwa uutazame kutoka majini angalau mara moja. Kata tiketi au tumia N-Card, ile kadi ya kulipia, ingia na miguu. Ni dakika chache tu, minara ya makanisa ya Kijerumani mbele ya maghorofa ya vioo, na meli zinapita kwenye mlango ule mwembamba wa bandari. Utaelewa kwa nini Majid aliichagua ghuba hii kuliko Kunduchi, kwa sababu meli kubwa zilikuwa zinahitaji kina na kificho. Miji ya zamani ilitosheka na jahazi, na jahazi hukaa kwenye mchanga maji yakipwa bila shida.

Kigamboni Feri, ukisikia konda anaita "Geza, Geza," panda. Ni Gezaulole, baada ya Mjimwema. Jina ni la Kizaramo, maana yake jaribu uone. Kijiji kilipata jina hilo enzi za Ujamaa, watu wa mjini walipohamasishwa waende kulima. Jina la kale la sehemu hiyo ya pwani ni Mbwamaji, na wenyeji wazee bado wanalitumia. Ukiuliza kwa jina la Mbwamaji, uso wa mzee unabadilika. Unaacha kuwa mtu wa kutafuta kiwanja.

Hilo ni la kuzingatia. Kigamboni nzima watu wamechoshwa na wageni wanaozungukazunguka kuuliza mipaka. Kwa hiyo hatua ya kwanza ukishuka ni ofisi ya serikali ya mtaa. Piga hodi, jitambulishe, sema umekuja kutembea na kuona makaburi na msikiti wa kale, andika jina kwenye daftari la wageni. Huchukua robo saa, na mwenyekiti au mjumbe akikupa kijana wa kukuongoza, hakuna atakayekusimamisha tena siku hiyo. Kijana huyo mlipe. Patana kabla ya kuanza, kwa uwazi, isiwe "utanipa soda" ambayo mwisho wake ni manung'uniko.

Magofu yenyewe ni madogo kuliko ya Kunduchi, yamezungukwa na miti na mashamba. Hapa ndipo utashukuru kwa asubuhi ya Boma, kwa kuwa jiwe ni lile lile la tumbawe, chokaa ile ile, ila limekaa pale kabla ya Boma kuwazwa. Simulizi za wenyeji zitakwambia juu ya Washomvi waliokuwa wenye pwani hii yote, na majumbe wao. Sikiliza zaidi ya unavyouliza. Kama mzee atakupa majina ya mababu, mwombe ruhusa kabla ya kurekodi.

Kisha bahari. Siku yangu ya kwanza pale ilikuwa bamvua, maji yamekwenda mbali hadi ukingo wa mwamba ulikuwa unaonekana kama mstari mweusi. Nikasema nitaufikia. Nilitembea nikipiga picha viti vya pweza na majongoo bahari, nikapishana na akina mama wenye ndoo na vijiti wakitafuta chaza na pweza mashimoni. Nikawapita. Nikajiona hodari. Nilipogeuka, pale nilipokuwa nimepita pakavu palikuwa na maji ya magoti, kisha mapaja.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza ni kwamba maji yakirudi hayakufuati kwa mbele kama wimbi la kwenye picha. Yanaingia kwa mifereji, pembeni na nyuma yako, kimya kimya, na wewe unabaki kwenye kisiwa cha mchanga ukidhani bado una muda. Nilivuka nimeshika simu juu ya kichwa, kandambili moja ikaenda, nikakanyaga ile miba myeusi ya baharini. Nilipofika nchi kavu mama mmoja alikuwa amekaa anagonga pweza wake kwenye jiwe. Akaniangalia mguu, akasema, "Mwanangu, hukuona sisi tumeshageuka?" Akanipaka utomvu wa papai bichi kwenye miba, akarudi kwa pweza wake.

Basi kanuni ya pale ni hiyo: akina mama wakigeuka, na wewe geuka, hata kama maji unayaona mbali. Vaa viatu vya kufunga, vya zamani, visivyochomoka mguuni. Usitembee juu ya matumbawe hai. Na usinunue kombe wala kauri kubwa za mapambo kutoka kwa watoto. Wanawatoa wakiwa hai, na bahari ile si ghala.

Rudi kabla ya giza. Foleni ya pantoni Jumamosi jioni, watu wa fukwe wakirejea, ni adhabu. Saa kumi uwe Feri.

Jumamosi ya tatu: kupanda Pugu

Miji ile ya pwani haikuishi kwa samaki peke yake. Bara yake ilikuwa ya Wazaramo, na simulizi inayojulikana sana inasema Washomvi walipozidiwa na Wakamba, walimwendea Pazi Kilama, kiongozi wa Wazaramo, akawasaidia kuwafukuza, na tangu hapo watu wa pwani wakawa wanatoa ada kwa pazi. Ukishaona Kunduchi na Mbwamaji, huwezi kuacha kwenda kuona upande uliokuwa ukipokea.

Fika Gongo la Mboto, chukua daladala la Kisarawe. Baada ya Pugu Kajiungeni barabara inaanza kupanda na joto linashuka, watu wanafungua vifungo. Kwa mtu wa Dar aliyezoea tambarare, vilima hivi ni milima.

Vituo viwili kabla ya msitu. Cha kwanza, kama unapenda purukushani, ni mnada wa ng'ombe wa Pugu. Nyama nyingi unayokula mjini imepitia pale. Nenda na viatu unavyoweza kuviosha. Cha pili ni Shule ya Sekondari Pugu, zamani Mtakatifu Francis. Mwalimu Nyerere alifundisha hapo aliporudi kutoka Edinburgh, hadi 1955 alipoacha ualimu akabaki na TANU. Ni shule yenye wanafunzi, kwa hiyo huwezi kuingia tu. Omba ruhusa ofisini, na kama hairuhusiwi siku hiyo, tazama kilima kutoka nje ukumbuke kwamba chama kilikuwa mjini, mwalimu alikuwa huku, na wakati huo hapakuwa na daladala.

Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Lipa kwenye lango, chukua mwongozaji wao, usijifanye mjuzi. Ni mabaki ya msitu wa pwani uliowahi kuwa mkubwa zaidi. Mkaa wa jiji umeula kwa miaka mingi na ndani utaona pengo la vichaka mahali palipokuwa na miti. Lakini kilichobaki ni cha kushangaza. Kuna mti ambao jina lake la kisayansi, Baphia puguensis, limebeba jina la Pugu hii hii ambayo sisi tunaijua kwa ng'ombe na stesheni.

Mwombe mwongozaji akupeleke kwenye mahandaki ya kaolini. Kaolini ni ule udongo mweupe laini wa kutengenezea vyombo vya kaure na rangi. Hapo mimi hucheka kila mara, kwa maana mabakuli ya Kunduchi yalitoka China na udongo wa namna hiyo ulikuwa umelala hapa kwenye kilima. Mahandaki sasa ni ya popo. Ingia na tochi, funika kichwa na pua, usipige kelele, usikae sana. Harufu itakufuata hadi nyumbani.

Mchana teremka Kisarawe mjini ukale. Mihogo ya huko ni mikavu, ya unga, haina maji kama ya sokoni kwetu. Kuanzia Oktoba utapata korosho mbichi zikiwa bado na bibo lake. Na ukibahatika, mwishoni mwa wiki kama kuna mwali anatolewa, utausikia mdundiko kabla ya kuuona. Ni ngoma ya njiani. Haikai uwanjani, inatembea na watu wanaifuata, kila nyumba inaongeza watu. Watoto wa Dar tulionywa tangu wadogo, kwa sababu kila mtaa una hadithi ya mtoto aliyefuata mdundiko akajikuta hajui alipo. Ruhusa ya kuufuata haiombwi, unaingia tu nyuma na kupiga makofi. Kumpiga mwali picha, hapana.

Muulize konda unaposhuka gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi, kisha toa nusu saa kwenye jibu lake. Kaa kiti cha dirishani. Jua likizama, ukitazama nyuma kwenye vilima, popo wanatoka.